Maji Yaliyotangulia Mbele: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Matembezi Mkoani Tabora

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachosimuliwa hapa kilitokea mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba, katika matembezi ya kikundi cha wananchi wa mji wa Tabora. Kimeandikwa kwa ombi la kamati ya kikundi hicho, baada ya mazungumzo na watu waliokuwa mbele, katikati na nyuma ya msafara, na kwa ridhaa ya mtu aliyeugua. Majina, mwaka, kijiji na alama za njia vimeondolewa. Mwandishi hakuwemo safarini. Amesaidia vikundi vya aina hii kupanga safari zao, na ameona makosa yaleyale yakijirudia katika vikundi visivyofahamiana.

Mazingira

Tabora si jangwa, na wanaoufahamu mkoa huu kwa miembe yake na asali yake huenda wakashangaa kuona nikiuzungumzia kana kwamba ni nchi ya kiu. Hata hivyo, kuanzia Mei hadi Oktoba mvua huwa karibu hazipo kabisa, na mwisho wa kiangazi zipo sehemu ambazo mtembezi anapaswa kuzipanga kama anavyopanga kuvuka jangwa. Sehemu hizo ni mbuga: tambarare za udongo mweusi wa mfinyanzi ambazo masika hujaa maji na kulimwa mpunga, na kiangazi hukauka, zikapasuka nyufa na kubaki bila mti hata mmoja wa kukinga jua. Nyayo za ng'ombe waliopita wakati wa tope hukauka zikawa mashimo magumu kama matofali, na mtu hawezi kutembea humo bila kuangalia kila hatua. Mwendo hupungua, na muda wa kukaa juani huongezeka.

Jua lenyewe lina ratiba yake. Mji wa Tabora upo takriban digrii 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita karibu juu kabisa ya utosi na kivuli cha mtu huishia miguuni pake. Kwa kuwa Tabora ipo magharibi mwa nchi huku saa yetu ikiwa moja nchi nzima, jua huchomoza huko kama saa 12:30 asubuhi katika majira hayo, na hufika kileleni karibu saa 6:40 mchana. Mtu anayepanga safari kwa kudhani kwamba kilele cha jua ni saa sita kamili hujikuta bado yumo ndani ya joto alilodhani limeanza kupungua.

Jambo la tatu ni ukavu wa hewa. Mtu wa pwani hulijua jasho lake kwa sababu hulihisi mgongoni na huliona kwenye shati. Tabora ya Oktoba hulikausha jasho linapotoka tu, likabaki vumbi jeupe la chumvi kwenye ngozi, na mtu anaweza kupoteza maji mengi huku akisema kwa moyo safi kwamba hajatoka jasho.

Wenyeji wa zamani waliyajua haya vizuri. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kati ya Bagamoyo na Ujiji iliondoka alfajiri na kwa kawaida ilipiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokuwa na nchi kavu ya kuvuka, wapagazi waliondoka alasiri wakiwa wamebeba maji, wakalala njiani, na kumaliza kipande kilichobaki asubuhi. Hawa walikuwa watu waliozoea kazi hiyo maisha yao yote, na bado hawakushindana na jua la mchana.

Kikundi na mpango wake

Kikundi kina wanachama wa rika zote: walimu, wafanyabiashara wa sokoni, watumishi wa ofisi, wastaafu na wanafunzi wa vyuo. Kila mwezi hufanya matembezi marefu mara moja. Anayeongoza mbele humwita kirangozi, jina lililorithiwa kutoka kwenye misafara, na nyuma huwekwa msindikizaji ambaye hapaswi kumwacha mtu yeyote nyuma yake. Kirangozi wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa sekondari anayeheshimika sana. Msindikizaji alikuwa muuguzi mstaafu, ambaye wanachama wote humwita Mama.

Njia ilikuwa ya kilomita 20. Kilomita 9 za kwanza zilipita katika msitu wa miombo hadi kwenye kijiji chenye kisima cha pampu ya mkono. Kilomita 5 zilizofuata zilikuwa za mbuga tupu, na mwisho wake kuna miembe mikubwa. Kilomita 6 za mwisho zilifuata barabara ya vumbi yenye vijumba na vivuli hadi mahali ambapo gari lingewasubiri. Ilipangwa waondoke saa 12:30, wafike kijijini saa 3:00, wapumzike nusu saa na kujaza maji, na wawe wamevuka mbuga kabla ya saa 5:00. Kila mtu alitakiwa kubeba lita moja na nusu ya maji. Kijana mmoja alipewa baiskeli yenye madumu mawili ya lita 20 kila moja kama akiba ya wote.

Kwa maoni yangu mpango huu ulikuwa mzuri. Ninalisema hili mapema kwa sababu katika mikutano iliyofuata baadhi ya wanachama walitaka kuamini kwamba safari ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Msafara ulioingia mbugani siku hiyo haukuwa ule uliopangwa.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Watu 26 walikusanyika. Gari la kuwapeleka mwanzo wa njia lilichelewa, kisha wakawasubiri wanachama waliopiga simu kusema wapo njiani. Kabla ya kuondoka kirangozi aliuliza mbele ya wote, kwa sauti ya uchangamfu, kama kuna mgonjwa. Hakuna aliyejibu. Waliondoka saa 2:10 asubuhi, wakiwa wamechelewa kwa saa moja na dakika 40.

Miongoni mwao alikuwepo mgeni, mwanamume wa miaka ya thelathini, Mzaramo aliyekuja Tabora kikazi wiki chache kabla. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea na kikundi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na watani wake walimpokea inavyostahili: aliambiwa kwamba miguu ya pwani imezoea mchanga, na kwamba akizimia watamzika hukohuko na kudai ubani kwao. Alicheka na kuwajibu. Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba siku mbili kabla alikuwa ameharisha, na asubuhi hiyo hakuwa amekula chochote zaidi ya chai.

Ili kufidia muda, kirangozi aliongeza mwendo msituni. Wa mbele walifika kijijini saa 4:25 wakakaa chini ya mti. Wa mwisho, akiwemo mgeni na mama mmoja wa miaka ya hamsini mwenye shinikizo la damu, walifika na msindikizaji saa 5:05. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika. Wenyeji walitoa kwa ukarimu maji ya kisima cha kuchimba kwa mkono. Wachache walikunywa, na wengi waliogopa kwa sababu hawakuwa na dawa ya kutibu maji. Baiskeli iligawa maji kiasi kwa waliokuwepo, yaani kwa wa mbele, na dumu moja likaisha. Saa 5:15 kirangozi alisimama, na watu waliokuwa wamepumzika kwa dakika 50 wakasimama pamoja naye. Waliokuwa wamekaa kwa dakika 10 nao wakasimama.

Ndani ya mbuga msafara ulirefuka hadi zaidi ya kilomita moja. Baiskeli, kwa kuwa inasumbuka kwenye ardhi ya mashimo, ilitangulia ili ikasubiri penye miembe. Mgeni, aliyekuwa akizungumza tangu asubuhi, alinyamaza. Mama msindikizaji alimuuliza mara mbili kama yuko sawa, naye akajibu kwamba yuko sawa. Saa 6:40 alianza kuyumba. Alipoulizwa wanakwenda wapi, alitaja mtaa wa Dar es Salaam, kisha akaketi kwenye nyufa za udongo na kukataa kuinuka. Ngozi yake ilikuwa ya moto sana. Watu wa mbele walikuwa tayari wamefika kwenye miembe, kilomita moja na nusu mbele, na filimbi ya msindikizaji haikuwafikia.

Maamuzi yaliyofanyika nyuma, na sababu zake

Kundi la nyuma lilikuwa na watu saba na chupa chache zenye maji yanayokaribia lita mbili. Msindikizaji aliamua mambo manne kwa haraka. Aliwataka wenzake washike khanga na vitenge kwa pembe ili kuwe na kivuli. Alimvua mgonjwa shati na viatu. Alimwaga maji yote, isipokuwa nusu chupa, kichwani, shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya mgonjwa, huku wengine wakimpepea bila kukoma. Kijana mmoja alitumwa mbele kuleta baiskeli, na mwingine akaelekezwa apande kichuguu kilichokuwa karibu ili atafute mtandao wa simu na kuita usafiri.

Maamuzi mawili kati ya hayo yalipingwa palepale. Mwanachama mmoja alisema kwamba mtu mwenye joto kali akimwagiwa maji atapooza. Mwingine alitaka anyweshwe kwanza. Msindikizaji aliwakatalia wote wawili kwa sababu alizozieleza baadaye: mtu aliyechanganyikiwa baada ya kutembea juani huenda mwili wake umezidiwa na joto, hali ambayo joto la ndani hufikia nyuzi 40 au zaidi na viungo huanza kuharibika kwa dakika, si kwa saa, kwa hiyo kumpoza hakungoji gari wala hospitali. Na mtu asiyejua aliko hawezi kuaminiwa kumeza, kwa hiyo maji ya kunywa yanaweza kuingia katika njia ya hewa.

Baada ya kama robo saa alitokea kijana mfugaji na mkokoteni wa punda uliobeba madumu ya maji ya nyumbani kwao. Hakuuliza bei wala jina. Alimimina dumu zima juu ya mgonjwa taratibu kama alivyoelekezwa. Baiskeli ilifika saa 7:10. Walipoona mgonjwa ameanza kujibu kwa usahihi, walimpandisha kwenye mkokoteni, wakaendelea kumlowesha na kumpepea njia nzima hadi kwenye barabara, ambako gari lililoitwa kwa simu kutoka juu ya kichuguu lilimchukua hadi kituo cha afya.

Matokeo

Mgeni alitundikiwa dripu, alilazwa usiku mmoja na akaruhusiwa akiwa mzima. Mama mwenye shinikizo la damu alipata kizunguzungu kila alipojaribu kusimama. Alilazwa chini ya miembe miguu ikiwa imeinuliwa, akanywa maji yenye chumvi na sukari, na alirudi nyumbani jioni. Ilibainika kwamba kati ya dawa zake ipo inayoufanya mwili utoe maji kwa wingi kupitia mkojo, na kwamba alikuwa ameinywa alfajiri kama kawaida. Wengine walipata maumivu ya kichwa. Hakuna aliyefariki, na ninawashukuru kwa dhati Mama msindikizaji na kijana wa mkokoteni, kwa sababu bila wao sidhani ningekuwa ninaandika sentensi hii.

Uchambuzi: kuchelewa kulikobadilisha njia

Kirangozi alipoulizwa ni lini alifanya uamuzi wa kuvuka mbuga mchana, alijibu kwa uaminifu kwamba hakuufanya. Hilo ndilo tatizo. Kuchelewa kuondoka kuliigeuza njia ya asubuhi kuwa njia ya mchana bila mtu yeyote kusema kwa sauti kwamba sasa tunakwenda safari nyingine. Mpango ulikuwa na saa za kufika, lakini haukuwa na saa ya kugeuka, yaani saa ambayo ikipita kabla ya kufika mahali fulani, safari hukatishwa bila mjadala. Kama saa 4:00 ingekuwa imeandikwa kuwa mwisho wa kuingia mbugani, kirangozi asingehitaji ujasiri wa kuwakatisha tamaa watu 26. Angehitaji kutazama saa tu.

Pale kijijini sababu za kuendelea zilikuwa na mantiki ya juujuu: gari lilikuwa upande wa pili, na kurudi kulikuwa kilomita 9 dhidi ya 11 za mbele. Tofauti hiyo ndogo iliwapumbaza. Kilomita 9 za nyuma zilikuwa za msitu, na miombo mwanzoni mwa Oktoba huwa tayari imeanza kuvaa majani mapya, kwa hiyo kivuli kilikuwepo. Na kulikuwa na njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja: kukaa kijijini hadi alasiri, kama wapagazi walivyofanya, na kulipigia simu gari lizunguke.

Uchambuzi: mapumziko ambayo wa nyuma hawakuyapata

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu jambo hili hutokea karibu katika kila kikundi na halionekani na wanaolisababisha. Wa mbele hufika, hukaa, hunywa, hupoa. Wa nyuma hufika wa mbele wakiwa wamekwisha kuchoka kukaa. Msafara huondoka. Hivyo wenye nguvu hupumzika kwa dakika 50, na wanyonge kwa dakika 10, na katika kituo kinachofuata tofauti huwa kubwa zaidi. Mtu wa nyuma hutembea muda mrefu zaidi juani, hunywa maji yake mengi zaidi, hupumzika kidogo zaidi, na juu ya yote hubeba aibu ya kuwachelewesha wenzake.

Maji yalifuata mtindo huohuo. Lita 40 za akiba zilikuwepo, na zilitosha. Dumu la kwanza liliisha mikononi mwa waliotangulia, na la pili liliwekwa chini ya miembe, kilomita moja na nusu kutoka kwa mtu pekee aliyelihitaji ili aishi. Kirangozi alieleza kwamba baiskeli ilitangulizwa kwa ajili ya kumrahisishia kijana anayeisukuma. Nia ilikuwa njema, lakini akiba ya dharura ina kazi moja tu, na kazi hiyo ipo nyuma.

Kanuni ya lita moja na nusu nayo ilitegemea pampu. Mtu anayetembea katika joto kali anaweza kuhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kwa hiyo kiasi hicho kilikuwa cha kumfikisha kijijini, si cha kumvusha mbuga. Hakuna aliyempigia simu mwenyekiti wa kijiji siku moja kabla kuuliza kama pampu inafanya kazi.

Uchambuzi: kwa nini mgeni alinyamaza

Wapo waliomlaumu mgeni kwa kutosema kwamba alikuwa ameharisha. Sikubaliani nao. Aliulizwa mbele ya watu 25, wengi wao wageni kwake, na baadhi yao watani waliokwisha kumtabiria kuzimia. Mtu mzima hasimami katika hali hiyo kueleza habari za tumbo lake. Utani ni hazina ya watu wetu. Umewapatanisha watu wa bara na wa pwani kwa vizazi, na siku hiyo ndio uliomfanya mgeni ajisikie nyumbani. Hata hivyo, kila neno la utani kuhusu miguu yake lilimwongezea sababu ya kuficha udhaifu. Dawa yake si kuupiga utani marufuku. Msindikizaji, ambaye ni muuguzi na ni mama kwa wote, angeweza kumvuta kila mshiriki pembeni kwa dakika moja na kumuuliza kwa sauti ya chini: umekula, umelala, tumbo likoje, unatumia dawa gani.

Vivyo hivyo swali la njiani, “uko sawa?”, lina jibu moja tu katika adabu zetu. Msindikizaji aliugundua ugonjwa pale alipouliza swali linalohitaji akili kulijibu, yaani wanakwenda wapi. Kunyamaza kwa mtu msemaji ilikuwa dalili ya kwanza, na kati ya kunyamaza huko na kuyumba ulipita muda ambao ungetosha kumsimamisha, kumlowesha na kumpoza kabla akili haijachanganyikiwa.

Uchambuzi: yaliyookoa maisha

Kuwepo kwa msindikizaji asiyemwacha mtu nyuma ndiko kulikomfanya mgonjwa asianguke peke yake. Uamuzi wake wa kumwaga maji ya kunywa ya watu saba juu ya mtu mmoja ulihojiwa sana baadaye, na kwa haki, kwani uliwaacha sita juani na nusu chupa. Ninauona ulikuwa sahihi, kwa sababu hatari ya yule mmoja ilikuwa ya dakika na ya wale sita ilikuwa ya saa, na tayari alikuwa ametuma mtu kuyafuata maji mengine. Kitu alichokosa ni mamlaka. Kijijini aliona kwamba watu wake wawili hawajapumzika, na alisema hivyo, lakini alimwambia jirani yake, si kirangozi. Alipoulizwa kwa nini, alisema kwamba Mwalimu alikwisha kusimama, na haikuwa vyema kumpinga mbele ya watu.

Mabadiliko ya kikundi

Kamati imekubali kwamba mapumziko yahesabiwe tangu mtu wa mwisho anapoketi, kwamba baiskeli ya maji itembee na msindikizaji, na kwamba saa ya kugeuka iandikwe kwenye ujumbe unaotumwa kwa wanachama kabla ya safari. Kila matembezi sasa hubeba pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya kutibu maji. Mwenyekiti wa kijiji hupigiwa simu. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu wameombwa waonane na daktari wao kabla ya matembezi ya kiangazi badala ya kuamua wenyewe kuacha dozi.

Maazimio mawili yalizua ubishi. La kwanza ni kuwazuia wageni kushiriki matembezi marefu hadi watembee mara tatu mafupi. Ninaliona halilengi chanzo, maana mama wa shinikizo la damu alikuwa mwanachama wa muda mrefu na alizidiwa vilevile. La pili ni kumpa msindikizaji uwezo wa kuusimamisha msafara bila kutoa sababu, na kirangozi kulazimika kutii. Wazee wawili wa kikundi walipinga, wakisema msafara hauwezi kuwa na vichwa viwili. Mwalimu mwenyewe aliomba lipitishwe. Lilipita kwa tofauti ya kura chache, na katika matembezi yaliyofuata Mama aliutumia uwezo huo saa 3:20 asubuhi, kwa ajili ya kijana aliyekuwa na malengelenge miguuni. Msafara mzima ulisubiri kwa dakika 25, na kirangozi ndiye aliyemshikia kijana kiatu wakati anafungwa bendeji.